Kijino cha Kaseti

"Nani amebandika hii selotepu?"

Mchungaji alikuwa amevaa joho jipya, amenyoosha mikono ili apimwe urefu wake, na mikono ikabaki hukohuko hewani. Shemeji yake, fundi cherehani, hakuwa na habari na joho tena. Alikuwa ameigeuza kaseti aliyorudishiwa sasa hivi, anakitazama kipande cha selotepu kilichoziba tundu dogo ukingoni.

"Ah, hiyo? Ilikuwa haikubali kurekodi, shemeji. Nikaiziba."

"Haikubali," fundi alirudia. Kijino cha plastiki cha hapo alikivunja marehemu mumewe kwa bisibisi, makusudi kabisa, asije mtu akarekodi juu yake. Ndiyo kaseti pekee iliyobaki ya bendi yake. Tena mkewe hakuitunza kwa ajili ya magitaa. Aliitunza kwa sababu kabla ya kila wimbo mumewe alisema mawili matatu, akacheka, akahesabu: moja, mbili, tatu. Sauti yake yenyewe, na haikuwepo pengine popote.

"Umerekodi nini?"

"Mahubiri! Masomo ya maisha, imani na uongozi katika nyimbo za roki za zamani." Uso wa mchungaji uling'aa. "Vijana wamelia, shemeji. Wimbo wa kwanza nikatoa somo la imani. Wa pili, uongozi: mpiga gitaa hodari ni yule anayempisha mwenzake naye asikike."

Looh! Hasira zilimpanda fundi mpaka masikio yakawaka moto. Kumpisha mwenzake! Huyuhuyu aliyeziita nyimbo za kaka yake kelele za shetani? Aliyealikwa kila bendi ilipopiga, asikanyage hata mlangoni? Leo kelele zimegeuka mahubiri, na anayepigiwa makofi ni yeye!

"Na nyimbo zilizobaki, ulizisikiliza?"

"Hizo mbili zilinitosha."

"Zilikutosha!" Alipiga meza, pini zikamwagika sakafuni. "Ulikosa kaseti dunia nzima? Umemzika kaka yako mara ya pili, na safari hii hata kuniita hukuniita!"

"Shemeji, punguza sauti, watu wanapita."

"Wapite! Vua joho langu. Keti."

"Nina kikao..."

"Keti, nimesema!"

Akaketi juu ya marobota ya vitambaa. Fundi akatumbukiza kaseti kwenye redio, akabonyeza, akachukua wembe na kuanza kufumua utepe wa dhahabu alioushona kwenye joho lile kwa mkono. Sauti ya mchungaji ikajaa chumbani. Kila iliposema uongozi, fundi alivuta uzi. Mwanzoni mchungaji alikuwa akitikisa kichwa, akijikubali. Baadaye akaanza kutazama viatu vyake. Mahubiri yalikuwa marefu, Mungu wangu, na fundi hakumpunguzia hata neno.

Mwishowe redio ikakwaruza. Halafu sauti nyingine kabisa, ya mtu aliyekatizwa katikati ya maneno:

"...na hilo ndilo nililotaka kumwambia mdogo wangu. Basi, huu wa mwisho ni wake. Leo pia hajaja. Kiti chake kiacheni palepale mbele." Akacheka. "Moja, mbili, tatu."

Gitaa likaingia. Wembe ulisimama. Fundi alifumba macho, akasikiliza kwa mwili mzima, na kabla mtu hajaanza kuimba kaseti ikafika mwisho, kitufe kikaruka juu.

Mchungaji alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi.

"Hilo lipi?" Akamgeukia fundi. "Alitaka kuniambia nini?"

Fundi alikuwa anayajua maneno yale yote, na pale mumewe alipovuta pumzi, na pale alipokohoa. Akamtazama shemeji yake machoni.

"Rudisha nyuma."

"Lakini huko nyuma..."

"Nyuma uko wewe. Jisikilize."

"Shemeji, wewe unayajua. Nakuomba. Niambie."

Fundi akainamia joho. Utepe ulikuwa umeshatoka nusu, na ulipotoka palibaki matundu ya sindano, mstari mzima. Mchungaji akanyoosha kidole, akairudisha kaseti nyuma, akabonyeza.

"Semeni amina," redio ikamwambia, kwa sauti yake mwenyewe.

Fundi akavuta uzi mwingine.