Bawa Kabla ya Kufungwa

Tangu Jumatatu roho yangu ilikuwa juu juu. Nashika randa, naiweka. Nakaa, nasimama. Sasa ilikuwa Alhamisi asubuhi, na mkaguzi wa ndege alikuwa ndani ya banda la shemeji, kichwa amekiingiza kwenye mbavu za bawa, akimulika kila kiungo kwa tochi.

Shemeji ni mwalimu wa fizikia aliyestaafu, mume wa dada yangu mdogo. Anaunda ndege ndogo: mifupa ya mbao, ngozi ya plaiwudi, na juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo kinacholoweshwa gundi mpaka kiwe kigumu. Mbao ni kazi yangu. Nimetengeneza vitanda na milango miaka thelathini, sijarudishiwa hata stuli. Kwa hiyo alipobandika ukutani karatasi ya masharti, nilicheka mpaka nikapaliwa. Sharti la nne lilisema gundi hii ya kuchanganya haitaki kubanwa kwa nguvu. Ukiibana sana inakimbia yote, mbao zinabaki kavu.

"Yaani mtu wa chaki unifundishe kubana mbao?" nilimwambia.

"Shemeji, gundi ya vitanda ni nyingine, hii ni nyingine."

"Ndiyo, mwalimu."

Akageuka, nikakaza vibano mpaka vikalia. Gundi iliyochuruzika nje nikaifuta kwa kitambaa, kazi ikapendeza. Hivyo ndivyo nilivyoubana mhimili wa bawa, boriti ile inayobeba ndege nzima ikiwa hewani, mwanzo mpaka mwisho. Kila tukichanganya gundi, shemeji alikuwa anaunganisha vijiti viwili vya majaribio, kesho yake anavivunja. Mbao zilichanika, gundi haikuachia. Lakini vijiti hivyo alivibana yeye, kwa mkono wake mwepesi.

Jumatatu niliokota kipande tulichopunguza mwishoni mwa mhimili, nikakitia patasi kwa mchezo tu. Kikafunguka kama kifuniko cha sufuria. Hakuna hata unyuzi wa mbao uliong'oka. Nikakifukia kwenye gunia la maranda, nikanyamaza. Niliogopa, na si kwa ajili ya shemeji. Niliogopea jina langu. Naona haya hata kusema hivyo.

Mkaguzi akatoa kichwa, akajipangusa vumbi.

"Fundi ni nani hapa? Viungo vimekaa kama vimezaliwa pamoja."

Shemeji akanipiga begani. Mkaguzi akatia sahihi, akaenda zake. Hapo hapo shemeji akainua plaiwudi ya kufunikia bawa.

"Shika upande huo. Tukishafunga, mhimili hatutauona tena. Mwezi ujao niko juu ya mapaa yenu."

"Shemeji, ngoja. Mhimili haujashika."

"Mtu ametia sahihi sasa hivi!"

"Ameona kwa macho. Mimi niliubana kama kitanda."

Alicheka sana, akidhani ni utani wetu wa kila siku. Nikaona maneno hayatafika popote. Nikachukua msumeno nikaanza kuukata mhimili katikati, naye ananivuta shati, anapiga kelele kwamba nimerukwa na akili, kwamba ile ni kazi ya miezi kumi na minne. Nilikata kipande cha urefu wa kiganja, nikakitia patasi mbele yake. Kikafunguka.

Shemeji akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Dada alikuwa ameshafika mlangoni kwa zile kelele. Akachukua nusu moja ya kipande, akapitisha kidole gumba pale palipopaswa kuwa na gundi. Pakavu.

"Angeruka na hiki?" aliuliza.

"Angeruka nacho."

"Wewe umejua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilishafungua mdomo.

"Jumatatu."

Akahesabu kwa vidole, polepole, na mimi nikivitazama.

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku tatu umekula mezani kwangu, kaka. Umekaa karibu naye, unamtania, mnacheka."

Nikaokota msumeno nikahamia bawa la pili, maana na lile nalo nililibana mimi.