Mpira Ukikazwa Sana

Fundi bomba alikuwa akijigamba kwamba nyumbani kwake hakivuji kitu. Kwa hiyo asubuhi alipoamka akakuta kioo cha mashine yake mpya, ile ya kumsaidia kupumua usingizini, kinamwambia kuna uvujaji mkubwa, aliona ametukanwa. Alipapasa zulia, akajisukuma uvunguni mwa kitanda na tochi. Pakavu kabisa.

Mkewe alimkuta huko huko uvunguni, akamwuliza kama amepoteza jino.

Yeye mkewe alikuwa akilala kwenye kochi sebuleni tangu mwaka jana, wala hawakugombana. Kukoroma kwa mumewe alishakuzoea, hata madirisha yaitikie. Kilichomtoa chumbani ni pale mkoromo ulipokatika ghafla, naye akabaki macho kodo gizani akisubiri kama utarudi. Alikuwa amemwambia waziwazi: "Siku mashine ikisema pumzi hazikatiki ovyo, narudi. Sitaki kuwa mjane huku nimelala."

Muuguzi wa kliniki, anayepokea taarifa za mashine kwa mtandao, alimweleza fundi kwa simu kwamba kinachovuja ni hewa, pembeni mwa barakoa ya mashine anayovaa usoni, na ikivuja pumzi zinazidi kukatika. Wanataka zikatike chini ya mara tano kwa saa. Yeye alikuwa na ishirini na moja.

Fundi akaona hiyo kazi ndogo. Akazikaza kamba za barakoa. Kesho yake namba ikapanda, akakaza tena, akazungushia na utepe mweupe wa kuzibia bomba. Akawa anakwenda kazini na mistari usoni, masikio yamejikunja, wateja wakimwuliza nani alimfunga. Namba ilipofika thelathini alikaa kitandani ameishiwa nguvu, akamwambia mkewe amechoka kulala peke yake.

Mkewe akaichukua barakoa, akaubonyeza mpira wake uliokwisha kupindapinda.

"Baba watoto, vijana wako kazini unawagombezea nini kila siku?"

Fundi akakumbuka. Huwagombeza kwa kukaza koki kupita kiasi. Mpira ukikazwa sana hujikunja, na hapo ndipo maji yanapopata njia.

"Basi leo koki ni wewe," mkewe akasema, akaanza kubandua ule utepe.

Wakazilegeza kamba. Namba ikaanza kushuka, ikashuka, hata ikasimama kwenye nne. Jioni hiyo mkewe akabeba mto wake kutoka kwenye kochi bila hotuba yoyote.

Asubuhi muuguzi akapiga simu, ana wasiwasi. Siku hizi za karibuni mambo yalikuwa safi, alisema, lakini jana hewa imevuja tangu barakoa ilipovaliwa, saa tatu mfululizo, ndipo ikatulia. Kamba zimelegea mno? Au alilala mdomo wazi?

Fundi akamtazama mkewe, aliyekuwa akijifanya anatandika kitanda.

"Mdomo ulikuwa wazi," akasema, "ila sikuwa nimelala. Mama watoto karudi chumbani, tulikuwa na habari za mwaka mzima."