Jani la Isale kwa Mwalimu wa Hisabati

Nilipata tisini na moja. Rogath, aliyekaa dawati la mbele yangu, alipata sabini na nane. Mwalimu Athanas akatangaza mbele ya Kidato cha Pili kizima kwamba nimemwibia Rogath majibu, maana hisabati za namna ile hazikai kwenye kichwa cha msichana. Akalikata jina langu kwenye orodha ya mchepuo wa sayansi.

"Mwalimu," nikasema, "tisini na moja inaibwaje kutoka kwenye sabini na nane?"

Darasa likaangua kicheko. Nikafukuzwa nikamlete mzazi.

Baba hakuniuliza hata swali moja. Alikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba hapa Machame, akakata jani la isale, akalifunga fundo. Kwetu Wachagga, aliyekosa humpelekea isale aliyemkosea, na likishapelekwa halikataliwi.

"Utampa mwalimu, umwombe msamaha," akasema.

Iliniuma kuliko maneno ya mwalimu. Mwalimu ni mtu baki, huyu ni baba yangu mzazi.

Asubuhi tukasimama ofisini. Baba akanisukuma begani.

"Shikamoo, mwalimu. Jani ninalo," nikasema, "ila silitoi kabla sijapewa chaki."

"Umemsikia, Mzee Sylvanus? Huyu mtoto ana mdomo!"

"Mpe tu, mwalimu," Baba akajibu kwa hasira. "Aaibike, yaishe."

Mwalimu akafungua kitabu cha Kidato cha Tatu, akachagua swali refu la mwisho wa sura. Nikalifanya kwenye ubao mdogo wa ofisini. Baba aliishia darasa la saba. Hakuutazama ubao, alimtazama mwalimu usoni. Akamwona akifuata mstari kwa mstari akitafuta kosa, kisha akifunua kurasa za majibu nyuma ya kitabu, kisha akikifunga kitabu.

"Amepata?" Baba akauliza.

"Amepata."

Baba akalichukua lile jani mkononi mwangu, akalishika kwa mikono miwili, akanipa mimi.

"Mama, nimekukosea."

Isale halikataliwi. Nikalipokea huku machozi yakinitoka.

Mwalimu akavuta orodha, akaandika jina langu pasipo kuniangalia, utadhani ananipa zawadi.

"Asante, mwalimu," nikamwambia. "Masale yamejaa mpakani kwetu. Ukihitaji jani, karibu ukate."