Kidonge cha Rangi Mbili

Kidonda cha mguu wangu kilipokataa kila dawa, walinihamishia chumba cha mwisho wa ukumbi. Kitanda kimoja, kiti kimoja cha plastiki, dirisha linalotazama ukuta. Mlangoni wakabandika karatasi: asiingie mtu bila joho na glovu. Tangu siku hiyo sikuguswa tena na mkono mtupu. Hata homa walinipima shavuni kwa mkono wa glovu.

Wanangu wako mbali. Hupiga simu, "Mama, unaendeleaje?" na kabla sijamaliza kujibu, mtandao umeshakatika. Aliyekuwa akija ni wifi yangu tu, dada wa marehemu mume wangu. Tumebaki wawili katika nyumba ile, vyumba vyetu vinatazamana.

Asubuhi moja nesi alinionyesha picha kwenye simu yake. Kumbe maabara walichukua usaha wangu wakaupanda kwenye kisahani, kama mtu anavyopanda mbegu, ili bakteria waote. Juu yao wakaweka vijikaratasi vya mviringo, kila kimoja kimeloweshwa antibayotiki yake.

"Dawa inayofanya kazi, bibi, huacha uwazi kuizunguka. Kama ua lililofagiliwa."

Nikatazama. Bakteria wangu walikuwa wameota mpaka vizingitini mwa dawa za watu, hawana hata haya. Kijikaratasi kimoja tu kilikuwa na ua safi.

"Na hiki kilichosongwa hivi?"

"Hiyo ndiyo dawa ya vile vidonge vya rangi mbili. Ukiitumia kidogo kidogo, wadudu dhaifu wanakufa, wagumu wanabaki, na hao ndio wanaozaana. Wako wamekuwa sugu. Imebaki hii moja ya sindano. Ikishindwa, mguu utakatwa. Kwa hiyo usimeze kitu tusichokijua."

Jioni wifi akaingia, joho limempwaya kama pazia.

"Umependeza," nikamwambia. "Harusi lini?"

"Nyamaza, kigulu wewe." Akachungulia mlangoni, kisha akafungua fundo la nguo yake. Vidonge vya rangi mbili. "Meza hivi. Hawa wanakuchezea na maji yao ya dripu. Mimi jipu langu liliponea hapa."

Ndivyo vile alivyokuwa akivifungua na kuninyunyizia unga wake, tangu kidonda kilipokuwa mkwaruzo tu, huku akinipulizia na kunipa pole. Kikikauka tunaacha, kikichimbuka tunarudia.

"Wifi, siwezi. Wadudu wameshavizoea."

"Wameshavizoea! Wamesoma shule gani?"

Nikacheka. Nikamweleza habari ya kisahani na ua lililofagiliwa, na kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyojifunga.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuozesha mguu."

"Sikusema hivyo. Mguu wangu, na mimi ndiye niliyekuwa nikikunyooshea."

"Umesema. Ama kweli shukrani ya punda ni mateke. Meza, au ukae na huyo nesi wako."

Mkono wangu ulishafika kwenye vidonge. Ni funda moja tu la maji, naye angekaa, angenisengenyea majirani mpaka wageni wafukuzwe. Nikauangalia mguu. Nikarudisha mkono chini ya shuka.

Akaondoka. Kiti kikabaki kimegeukia kitanda, nikamwomba mfagiaji asikisogeze.

Nilizijua nyayo za ukumbi mzima. Za wifi huburuta upande wa kushoto. Hazikuja. Sindano ziliingia, usaha ukapungua, nyama nyekundu ikaanza kuota. Nesi akanipigia makofi ndani ya glovu zake. Nilitamani kumwambia mtu, na mtu mwenyewe ndiye aliyeninunia.

Siku ya kuruhusiwa nilirudi peke yangu. Chumba changu kilinuka vumbi. Nikavuka, nikabisha mlango wa pili.

"Nani?"

"Mimi."

"Umerudi na miguu mingapi?"

"Miwili. Mmoja una kovu baya kama uso wako."

Mlango haukufunguka, nikageuka kwenda zangu. Hapo nikasikia nyayo zinaburuta, na komeo likavutwa. Hakunitazama usoni. Aliinama polepole, akaweka kiganja chake kitupu juu ya kovu.

Kilikuwa cha baridi. Sikuutoa mguu.