Mama Nyale Hayupo

Kila Jumapili kabla ya adhuhuri, Boga hurekodi habari za mtaa kwa sauti yake na kuzituma kwenye kundi la simu la Tushikane, chama cha majirani wa Mtopanga upande wa bondeni. Boga ndiye mwenyekiti, na ana sauti ya kutangazia harusi hata anapotangaza kwamba maji yatakatika. Nani kajifungua, nani kalazwa, mbuzi wa nani kaonekana akitafuna nguo za watu kwenye kamba, mtaro upi utazibuliwa na nani aje na jembe lake, yote hupitia kooni mwa Boga. Jambo ambalo halijapita huko watu hulichukulia kama halijatokea.

Jumapili hiyo Jumwa alikuwa barazani kwake akijisugua goti kwa mafuta, simu iko mapajani, mara akasikia anatajwa yeye.

"Na Jumamosi, inshallah, tunakwenda kumwezekea mama yetu, Mama Nyale. Hassan katupatia mabati mazuri kabisa, yametoka kwenye godauni moja linalobomolewa kule Changamwe. Fundi ni Chrispine. Mwenye nyundo aje na nyundo. Mama Nyale, kaa tayari, wageni waja!"

Mwingine angepiga vigelegele. Makuti ya nyumba ya Jumwa yalikuwa yameoza hata kunguru hawakuyatamani tena, na mvua ikinyesha alikuwa akikisukuma kitanda kutoka pembe hii hadi ile, usiku kucha. Paa jipya alikuwa ameliomba kwa Mungu kanisani, kwa sauti, watu wakisikia. Sasa limekuja, naye akaizima simu.

Kilichomtisha ni chakula. Tushikane hakuna anayelipwa, lakini chama kikija kwako unakipikia. Desturi hiyo haikuandikwa popote. Wengi waliitoa kwao bara, ambako aliyeita watu kumlimia shamba alitia sufuria motoni kabla ya jembe la kwanza kugusa udongo. Na Jumwa hakuwa na cha kutia sufuriani. Riziki yake ilikuwa karai, mahamri asubuhi na viazi jioni, na tangu goti limshike mwezi wa pili hakuweza kusimama mbele ya moto. Mwanawe Nyale alikuwa Changamwe akibahatisha vibarua vya kupakua malori, na siku za kukosa zilikuwa nyingi kuliko za kupata. Jikoni mlikuwa na unga kidogo na chumvi ya kutosha ukoo mzima.

Mtu atauliza, kwa nini asiseme tu kwamba hana? Hao si majirani zake? Hapo ndipo inapobidi tumseme kidogo mama wa watu, na haki ya kusemwa anayo.

Miaka yote ya Tushikane, Jumwa ndiye aliyekuwa akifunua masufuria ya wenzake. Hakualikwa kufunua, alifunua. Wali wa kwa Gladys alisema umepikwa na mtu aliyegombana na nazi. Maharagwe ya kwa Boga mwenyewe alisema yaletewe nyundo. Na karibu na Krismasi, chama kilipokwenda kuujenga upya ukuta wa Sarah ulioanguka, Sarah, mama kijana mwenye watoto watatu na mume aliyekwenda zake, alitoa chai na mkate mkavu. Jumwa akakiinua kikombe juu watu wakione.

"Sarah mwanangu, haya majani uliyatia, ama yalipita mlangoni tu yakasalimia maji?"

Watu walicheka mpaka chai ikawamwagikia. Sarah naye alicheka, kisha akaingia ndani na hakutoka tena mpaka watu walipoondoka. Jumwa aliliona hilo. Alijiambia ni utani tu, na utani ukikuuma basi shauri yako. Lakini ulimi hauna mfupa, na mcheka kilema hafi bila kumfika. Sasa kilikuwa kimemfika, na kilimjia na mabati.

Wiki nzima hakulala vizuri. Aliwaona wote akilini, wamekaa kivulini na vikombe vitupu, na Sarah katikati yao. Angeweza kumwambia Mwanarusi, jirani wa ukuta kwa ukuta na rafiki wa tangu watoto wao wakinyonya. Lakini Mwanarusi angekwenda kuuza hata vikombe vyake vya kabatini ili amwokoe, na Jumwa hakutaka. Kiburi nacho ni maradhi, tena hayana dawa ya kusugua.

Jumamosi kulipokucha alimgongea Mwanarusi na kufuli mkononi.

"Nifungie kwa nje. Wakija, waambie nimeitwa kwetu Kaloleni."

"Nikufungie? Kwani weye mbuzi?"

"Kichwa chaniuma. Sitaki makelele ya watu."

"Watu waja kukuezekea nyumba, weye wataka kufungiwa! Una nini, Jumwa?"

"Sina kitu." Hilo lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia.

"Mficha uchi hazai, mwenzangu."

"Mimi nishazaa. Funga."

Mwanarusi akasonya, akafunga, akaufundika ufunguo kwenye pindo la leso yake.

Hawakukawia. Jumwa, ameketi kitandani gizani, alisikia mkokoteni wa mabati ukishushwa, kisha sauti za wanaume, kisha za wanawake na vyombo vikigongana, akadhani ni ndoo za mchanga. Alimsikia Mwanarusi akisema uongo wake kwa kigugumizi.

"Mama Nyale hayupo. Kaitwa Kaloleni."

"Kaloleni? Leo?" akauliza Boga.

Kabla Mwanarusi hajajikwaa zaidi, simu yake ililia. Binti yake aliyeolewa Likoni alikuwa ameshikwa na uchungu kabla ya siku zake. Mwanarusi alipiga ukelele mmoja, akakimbia kutafuta pikipiki ya kumwahisha kivukoni, na ufunguo ukaenda naye.

Ndani, Jumwa akashusha pumzi. Sasa wataona kufuli, watasikitika, watakwenda zao. Akaanza hata kujinyoosha kitandani.

Ndipo akamsikia fundi Chrispine, kijana wa bara asiyependa kupoteza siku.

"Mzee, sasa mlango ni wa nini? Si kazi yetu iko huko juu?"

"Wallahi umesema kweli, fundi," Boga akajibu. "Na mvua yaja wiki hii. Wekeni ngazi. Mama akirudi aikute nyumba imekwisha, afurahi."

Jumwa akakaa wima. Katika hila zake zote alikuwa amesahau kwamba aliyekuja kuezeka hana haja na mlango.

Ngazi ikagonga ukuta. Miguu ikapita juu ya kichwa chake. Kuti la kwanza liling'olewa juu ya mlango, na mwanga ukaingia chumbani mahali ambapo haujawahi kuingia. Angeita wakati huo. Hakuita. Kuti la pili, la tatu, na kila lililotoka lilifanya kuita kuwe kugumu zaidi, kwa maana angeulizwa, mbona hukuita kwa la kwanza? Akahamia pembe ya jikoni, jua likamfuata. Akarudi kitandani, akajifunika leso gubigubi. Mjusi akamwangukia begani, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mavumbi ya miaka yakamshukia kama unga kutoka chekecheni, yakaingia puani, na pua haijui siri.

Akapiga chafya.

Nyundo zikanyamaza.

"Kuna mtu ndani!" akasema Chrispine.

"Mwizi!" akapaza mmoja huko nje. "Kaona mwenyewe hayupo, kaingia!"

Neno hilo likipazwa Mtopanga, watu hawaulizi mara ya pili. Jumwa alisikia mbio, alisikia vijiti vikiokotwa, na akasikia mtu akisema leo atatujua. Basi ikambidi.

"Si mwizi! Ni mimi!"

Vijiti vikashushwa. Kisha, juu ya ukuta, kikatokea kichwa cha Boga chenye kofia na makapi ya makuti.

"Mama Nyale? Shikamoo."

"Marahaba, baba."

Boga akatazama chini, akatazama mlango, akatazama chini tena. "Umerudi saa ngapi kutoka Kaloleni?"

"Sikwenda."

Vichwa vikaongezeka. Vilijipanga juu ya kuta nne, vingine vikajibana kwenye dirisha dogo, na katikati yao Jumwa amekaa kitandani pake, makuti nyweleni, hana paa na hana mahali pa kujificha. Aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

"Nani aliyekufungia, mama?" Boga sasa hakuwa na sauti ya harusi. "Ufunguo nimeuona na Mwanarusi. Ni yeye? Tena akatudanganya hapa mchana kweupe!"

Manung'uniko yakapita juu ya kuta. Mtu akasema kumbe Mwanarusi ni mtu wa namna hiyo. Mwingine akasema mbona amekimbia haraka vile. Jumwa akaona jina la rafiki yake likianza kuchafuka mbele ya macho yake, na yeye peke yake ndiye wa kulisafisha. Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni. Akaumeza.

"Mwachieni Mwanarusi, hana kosa," akasema. "Nilimwomba mimi anifungie. Sina kitu cha kuwapikia."

Aliona ni afadhali amalize.

"Jikoni hamna hata nazi. Mimi niliyefunua masufuria yenu yote, langu ni tupu. Nikaona haya. Nikasema wakikuta kufuli watarudi."

Macho yakamhama, yakaenda dirishani, kwa maana Sarah alikuwa hapo, ameshika vyuma vya dirisha. Kila mtu aliikumbuka chai. Kila mtu alijua kwamba kama kuna siku ya Sarah, ni hii, na Jumwa alijua kuliko wote. Akainamisha kichwa angojee.

"Mama," Sarah akasema, "hata mimi siku ile sikuwa na kitu. Yale majani niliyapata kwa Gladys, ya kijiko kimoja."

"Nilikuona ulivyoingia ndani," Jumwa akasema.

"Nilikuwa nalia."

"Nilijua, mwanangu. Nilijua na nikaendelea kunywa. Nisamehe."

Sarah akamtazama mama huyu mwenye mjusi karibu na mguu. Kisha mdomo ukaanza kumcheza.

"Yamekwisha, mama. Lakini mimi angalau nilichemsha maji. Wewe umekimbilia kufuli!"

Kicheko kilichotoka hapo kilikaribia kuangusha na ngazi. Chrispine alilazimika kukumbatia boriti. Na Jumwa, aliyekuwa ameogopa kicheko hicho wiki nzima, akagundua kwamba anacheka na yeye, kwa sauti, machozi yakimchuruzika kwenye mavumbi ya mashavu.

"Halafu ulikuwa wajitesa bure," Sarah akasema alipopata pumzi. "Tangu mkutano wa Februari mwenye nyumba hapiki. Kila mtu huja na chake. Hivi tunavyozungumza, wali uko hapa nje, na mchicha, na Gladys kaleta samaki."

"Februari?" Jumwa akainua uso. "Tangu mwezi ule goti limenishika, sijaja tena. Lakini mbona Boga hakutangaza? Mbuzi wa watu anawatangaza!"

Boga akakohoa. Akarekebisha kofia.

"Mama, tungetangaza ungeuliza desturi imebadilishwa kwa sababu ya ulimi wa nani."

Hapo hata waliokuwa wamejizuia walishindwa. Jumwa akapiga paja lake, akasema haya, hilo nalistahili, hilo nalistahili kabisa, na akahisi kifua kikifunguka, kitu kilichokuwa kimekaa hapo tangu Jumapili kikatoka, kikaenda na vumbi kupitia paa lisilokuwapo.

Boga akampigia simu Mwanarusi na kuiweka kwa sauti, wote wasikie. Mwanarusi alikuwa Likoni tayari, analia na kucheka. Mtoto ni wa kike, mama yake ni mzima, alhamdulillahi. Na Jumwa je? Ooo, Mungu wangu, ufunguo!

"Usijali, Jumwa mzima na sisi twamwona vizuri sana," Boga akasema. "Hongera, bibi! Kesho nakutangaza." Kisha akawageukia wenzake. "Msumeno wa chuma uko kwangu. Nakwenda kuuchukua tukate kufuli. Mama, utangoja kidogo?"

"Nitakwenda wapi?"

"Wataka chochote?"

Jumwa alitaka kusema hapana. Ndilo neno alilozoea, na lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Lakini moshi wa moto wa nje ulipita juu ya kuta ukaleta harufu ya nazi, na tumbo ambalo hakulipa kitu tangu jana asubuhi likamjibia. Alizitazama nyuso zote zilizomwinamia, nyuso alizozikimbia mpaka akajitia gerezani mwenyewe.

"Jamani," akasema, "nina njaa."

Chrispine akafunga kamba kwenye ndoo safi, Sarah akatia ndani sahani ya wali iliyofunikwa na kopo la maji, na ndoo ikashushwa polepole kupitia mahali palipokuwa na paa, watu wakielekezana, kushoto kidogo, kulia, taratibu usimwage. Jumwa aliipokea kwa mikono miwili. Akanawa, akakaa vizuri kitandani pake juani, akala huku mtaa mzima ukimtazama, na hakuona haya.