Nani Aliyeita Mvua ya Mawe

Mvua ya mawe ilipiga viazi vyetu mchana kweupe, na kabla ya jioni majani yote yalikuwa yamelala chini, meusi. Huku kwetu milimani Andes, mvua ya namna hiyo haiji bure. Watu husema yuko mwanamke aliyetoa mimba akaizika kwa siri, bila ubatizo, na mpaka apatikane afukuzwe, mvua itarudi kumaliza kilichobaki.

Kesho yake tukaitwa uwanja wa kanisa. Wasichana wasio na waume wakapangwa mstari, bibi mkunga awakamue matiti aone nani ana maziwa. Binti yangu Edelmira alikuwemo. Mimba yake ilikuwa imeharibika yenyewe, mikononi mwangu, na hakuna aliyejua ila mimi na yeye. Kufukuzwa msimu huu ni kuvuka mlima peke yako, na kwenye baridi ile watu hufa.

Don Fortunato, mkuu wa kijiji, akamhimiza mkunga aanze. Ndipo wifi yangu Teodosia, ambaye kijiji kizima kinamwona punguani, akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Na wanaume wanapanga mstari wapi?"

Watu wakacheka. Fortunato akamjibu kwamba wanaume hawabebi mimba, akae chini.

"Hawabebi, sawa. Ila mtoto si ana baba? Mimi mjinga, nieleweshe tu. Mvua inamjua mama peke yake? Maana hawa mabinti hawana hata shamba. Lililopondwa kuliko yote ni lako."

Kicheko kikaanza kwa wanawake, kikawapata wanaume. Mmoja akauliza kama mkuu ameshakamuliwa. Fortunato, jitu zima lile, akakosa pa kuweka uso, akasema mkutano umefungwa. Mkunga akajifuta mikono akaenda zake. Nilimkumbatia Teodosia, nikalia bila haya.

Nyumbani Edelmira alikaa karibu na moto, shali hakuivua. Nikamwambia yamekwisha, mwanangu, tumepona. Hakufurahi.

"Mama, na wewe unaamini ni mimi niliyeileta?"

Nikafungua mdomo niseme hapana. Haki ya Mungu nilitaka kusema hapana. Radi ikanguruma mlimani, na mimi, mama yake mzazi, nikajikuta nalitazama tumbo lake.

Aliniona.