Digrii ya Moyo

Nilikuwa nahesabu hadi sitini. Ndoo ilikuwa katikati ya magoti yangu ndani ya mtumbwi wa plastiki, kipimajoto kimezama humo hadi shingoni, na mgongo wangu umekinga jua lisiguse maji. Ndivyo nilivyopima kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja: nateka mara tatu kando ya boya la njano, kina cha mkono mzima, nahesabu, nasoma, naandika daftarini. Ndoo ya kwanza ilisoma kumi na nne nukta tisa. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu nayo haikubadilika.

Gobnait Lordan akapita ubavuni, mkono baada ya mkono, kofia yake nyekundu ikizama na kuibuka. Alikuwa ameingia majini saa moja asubuhi na sasa ilikuwa saa nne. Alitakiwa abaki humo mpaka saa saba mchana, bila kugusa kitu wala kuguswa na mtu, amevaa vazi la kawaida la kuogelea tu, katika maji yaliyo chini ya digrii kumi na sita. Akimaliza, msimamizi aliyetumwa na chama cha waogeleaji anatia sahihi fomu, fomu inakwenda kwa nahodha, na mwezi wa nane Gobnait anaogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa, nahodha akimfuata na mashua. Nafasi ya mashua hiyo ameisubiri miaka minne. Nahodha alikuwa ameshasema wazi: fomu iwe mkononi mwake Jumatatu, la sivyo nafasi inapewa anayefuata kwenye orodha.

Msimamizi mwenyewe, bwana mmoja wa Dublin aitwaye Ultan Devane, alikuwa ndani ya gari lake, juu ya mteremko wa kushushia mashua, vioo vimefungwa. Asubuhi nilimwonyesha kiti cha pili cha mtumbwi wangu. Akasema anaona vizuri tu pale alipo. Mimi si mwepesi wa kumhukumu mtu. Nilijiambia labda ana mafua.

Saa tano Gobnait alikuja karibu na mawe kupata chakula, akielea bila kugusa chini. Bi Concepta, ambaye ndiye mwenye chupa za chai na mwenye sauti katika ghuba yetu, alimnyooshea kikombe kilichotundikwa kwenye mpini wa ufagio. Mpini ule aliubuni mwenyewe, ili mkono wa mlishaji usije ukagusana na wa mwogeleaji hata kwa bahati mbaya.

"Yule bwana wa kwenye gari yuko hai?" Gobnait aliuliza, meno yakigongana.

"Yuko hai. Ameshakula vipande vitatu vya mkate wangu wa zabibu. Wewe kunywa, acha umbeya."

"Hii chai au maji ya vyombo?"

"Ni sukari ya kukufikisha Ufaransa. Kunywa, midomo imekuwa ya buluu kama mlango wa kanisa."

"Bado muda ga—"

"Hapa hatutaji muda, unajua. Geuka uende."

Gobnait akacheka, akarudisha kikombe mpinini, akageuka kuogelea tena. Hiyo ni kanuni yetu ya zamani kuliko fomu zote: aliye majini haambiwi saa, haambiwi umbali, haambiwi habari mbaya. Habari mbaya humsubiri nchi kavu, pamoja na taulo.

Saa sita kasorobo mlango wa gari ukafunguka. Nilikuwa nimerudi ufukweni kubadilisha glavu. Bwana Devane aliteremka taratibu, akichagua mawe ya kukanyaga, simu mkononi.

"Mzee Fachtna," akaniambia, "nasikitika. Kuogelea huku hakuhesabiki. Kama unaweza kumwita atoke, mwite, asiteseke bure."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Amegusa kitu?"

"Hajagusa. Ni maji." Akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa ubao wetu mweusi, ule uliopigiliwa ukutani juu ya mteremko, na chaki nyeupe ikisema: LEO 16. "Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Kanuni inasema chini ya kumi na sita. Kumi na sita si chini ya kumi na sita."

Hapo lazima niseme jambo ambalo kila mtu wa ghuba yetu analijua, na ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kumwambia mgeni. Ubao ule husema uongo. Tulipoanza tulikuwa wanne. Watu walikuwa wakija na taulo zao, wanasoma kumi na tatu, wanarudi kwenye magari. Bi Concepta akaniambia, "Ongeza moja, Fachtna, nani atakufa?" Nikaongeza. Tunaiita digrii ya moyo. Daftarini naandika ukweli, ubaoni naandika ukweli na moja juu yake, na nukta zikibaki nazijaza iwe namba nzima. Anayekuja mara ya kwanza anaingia kwa ajili ya uongo huo. Baada ya mwezi anagundua, anatutukana, kisha naye anaanza kuwadanganya waliokuja nyuma yake. Siku hizi tuko thelathini na zaidi.

Nilimweleza yote hayo. Nilimpa daftari: tarehe, saa, ndoo tatu, kila Jumamosi, miaka kumi na mmoja. Leo saa moja, kumi na nne nukta nane. Saa nne, kumi na nne nukta tisa. Akafungua kurasa mbili tatu na kunirudishia.

"Mtu mmoja anaandika namba mbili kwa maji yale yale," akasema. "Niamini ipi?"

Swali lile lilikuwa la haki, na ndiyo maana liliniuma. Lakini nilipoinamisha uso niliona viatu vyake. Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, vikavu, hata vumbi la chumvi havikuwa nalo. Mikono ya shati ilikuwa imefungwa vifungo. Fomu yao nimeisoma mara nyingi. Mimi si msomi, nilijifundisha kila kitu kwa kukisoma mara nyingi. Imeandikwa kwamba msimamizi atapima joto la maji mwenyewe, mwanzo na kila baada ya saa moja, pale mwogeleaji alipo.

"Usiamini hata moja," nikamwambia. "Nionyeshe namba yako."

"Namba gani?"

"Ya kwako. Uliyopima wewe."

Akatazama bahari. "Niliona hakuna haja. Imeandikwa pale ubaoni."

Mwanamke wa miaka hamsini na tisa yuko kwenye baridi tangu asubuhi, ngozi ya kwapani imechunika mpaka vaselini haishiki, na aliyetumwa kumshuhudia hajalowesha kidole. Alisoma ubao kwa kioo cha gari, akala mkate, akapiga picha.

"Panda mtumbwini," nikasema. "Tuteke sasa hivi. Upime, uandike."

"Picha nilishaituma ofisini tangu saa tatu, wamejibu sasa hivi, na fomu nimeijaza hivyo. Nikibadilisha sasa wataniuliza zile saa nyingine nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

Akaitia simu mfukoni. Bi Concepta alikuwa amesogea na mpini wake wa ufagio, na alikuwa amesikia ya kutosha.

"Yaani Gobnait alipe, wewe usiulizwe," akasema.

"Mama, mimi nafuata kanuni. Bora aambiwe atoke." Akainua mkono kumpungia Gobnait, aliyekuwa anakaribia boya la karibu na ufukwe.

Bi Concepta akauteremsha mkono ule kwa mpini, polepole, kama mtu anayeshusha bendera. "Ukimwita tu, kijana, utaingia majini na hivyo viatu vyako vizuri. Pale hakuna anayepeleka neno."

Tulisimama watatu, tukinong'ona kwa hasira huku Gobnait akigeuka kwenye boya na kuanza mzunguko mwingine. Bi Concepta alinitazama. Uamuzi ulikuwa wangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye daftari. Nikasema aachwe amalize. Kanuni yetu ya zamani ndiyo iliyosema kwa kinywa changu, nami nikajificha nyuma yake. Kwa zaidi ya saa nzima niliendelea kupiga kasia kando yake, na kila alipogeuza uso kuvuta pumzi alinikuta nikitabasamu. Tabasamu lile lilinichosha kuliko kasia.

Saa saba na dakika mbili alifika kwenye mawe. Kwetu hakuna anayeshikwa mpaka miguu yote miwili ikanyage pakavu, kwa hiyo watu ishirini walisimama na mataulo wakimtazama akitambaa kama kaa. Akaanguka goti, akainuka, akaanguka tena. Kisha akakanyaga pakavu na wote wakamvamia, makoti, kofia za sufu, chupa za maji ya moto. Walipiga makofi. Bwana Devane alikuwa amesimama mbali, karibu na gari.

Tulisubiri aache kutetemeka. Alipoweza kushika kikombe bila kumwaga, nilichuchumaa mbele yake nikamwambia yote: ubao, picha, fomu. Sikupunguza upande wa Devane wala upande wangu.

Akanywa funda moja. Kisha akauliza, "Mlijua tangu saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo."

"Na nikaogelea saa nzima na zaidi, wewe pembeni unanichekea."

"Ndiyo."

"Siku nyingine, Fachtna, usinichekee." Hakupaza sauti. "Ningeogelea hivyo hivyo. Ila ningejua naogelea kwa hasira, si kwa furaha. Ulininyima hiyo."

Akautazama ubao ule ukutani.

"Mimi siku yangu ya kwanza ulinidanganya kumi na nne," akasema. "Ilikuwa kumi na tatu. Bila huo uongo leo ningekuwa nyumbani naangalia televisheni, mnene na mwenye afya." Mtu mmoja akacheka. Yeye hakucheka. "Mwiteni yule bwana."

Bwana Devane akaja. Nadhani alitegemea kutukanwa, maana alikuwa ameshika funguo za gari.

"Kijana," Gobnait akamwambia, "kesho ni Jumapili. Chama chenu kinaruhusu kuogelea Jumapili?"

"Kinaruhusu, lakini mimi narudi Dublin leo. Na wewe, mama, huwezi. Siku mbili mfululizo?"

"Kama siwezi utaniona nikishindwa. Utakuwa karibu sana, kwa sababu utakuwa kwenye mtumbwi wa huyu mzee, unateka maji kwa mkono wako."

"Nina shughuli nyumbani..."

Nami nikasimama. Mimi sauti yangu ni ndogo, watu huniambia niseme tena. Safari hii hakuna aliyeniambia niseme tena. "Bwana Devane, sitaandika barua kwa chama leo. Nitaandika kesho saa nane mchana. Itakuwa na namba zako, au itakuwa na viatu vyako vikavu. Chagua mwenyewe."

Akanitazama, kisha akaitazama miguu yake.

"Chumba ninacho," Bi Concepta akasema. "Kina baridi. Mkate wa zabibu umekwisha, uliumaliza."

Saa kumi jua lilikuwa bado juu kabisa na watu walikuwa wameondoka. Gobnait alipelekwa nyumbani akalale, mikono ikiwa haiwezi kupanda juu ya mabega. Dada yake ndiye aliyemvua kofia. Kama mabega yale yatainuka kesho saa moja asubuhi, sijui. Yeye pia hajui. Alisema tu niweke vaselini mara mbili ya leo.

Nilimkuta Bwana Devane kwenye mteremko, amevaa mabuti ya mpira ya marehemu mume wa Bi Concepta, makubwa mno kwake. Alikuwa anajaribu kuteka maji kwa ndoo, akiteka juu juu kama mtu anayeogopa kuamsha samaki.

"Kina cha mkono mzima," nikamwambia.

"Shati litalowa."

"Ndiyo."

Akakunja mikono ya shati. Nilimwacha ahesabu. Mimi nilichukua kitambaa na maji nikaanza kufuta ubao. Ile kumi na sita ilitoka mara moja, lakini chini yake kulikuwa na namba za miaka, moja juu ya nyingine, chaki iliyoingia ndani ya mbao, na kila nilipofuta moja nyingine ilijitokeza. Nilisugua mpaka kitambaa kikachanika. Nitahitaji brashi ya waya, na ipo nyumbani.

"Sitini," Bwana Devane akaita kutoka chini. "Nisome wapi, juu ya mstari au chini yake?"

"Usisome bado," nikasema. "Umeiweka ndoo juani. Mwaga, uanze tena."